Nikiwa Zamu ya Usiku, Mchumba Wangu Alifungulisha Kabureta za Datsun Yangu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni nesi, nina miaka 34, naishi Isevya hapa Tabora. Miezi miwili iliyopita nilinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972 kwa mzee mmoja mstaafu wa Cheyo. Ni akiba yangu ya miaka sita. Gari linawaka, ila linamisi, linatoa moshi mweusi na kunuka petroli mpaka sare yangu inanuka. Fundi anasema injini imechoka, tuitoe tuweke ya Toyota Mark II. Nilikataa. Juzi nimetoka zamu ya usiku nikakuta mchumba wangu amelivuta hadi gereji, kabureta zote mbili zimefunguliwa ziko kwenye ndoo. Anasema alitaka kunifanyia sapraizi, na tukishaoana gari litakuwa la nyumba, kwa hiyo nisilete ubishi. Barua ya posa ilishapokelewa. Mama naye ananicheka: "Gari la viti viwili, watoto utawapakia wapi?" Shangazi, nimekosea kulipenda bati kuliko mtu?*

*Nesi, Isevya*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, nenda kaichukue hiyo ndoo. Leo, usingoje kesho. Kabureta ndizo zinazochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Za 240Z ni Hitachi zilizofuata muundo wa SU, kabureta za Waingereza, na kila moja ina pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kofia yake. Pistoni na kofia ni jozi. Pistoni ya huku ikivishwa kofia ya kule itakwama, na ile sindano iliyo chini yake ikipinda kidogo tu, gari halitatulia tena. Waulize ipi ilikuwa ya mbele na ipi ya nyuma. Kama wamesahau, jaribu kila pistoni kwenye kofia: inayoteleza taratibu bila kusugua ndiyo mwenzake. Funga kila jozi kwenye kitambaa chake, andika, weka chini ya kitanda chako.

Umerudi? Haya.

Mimi si fundi, ila niliolewa na fundi miaka 27, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kusugua plagi za magari ya watu kwa brashi ya waya. Plagi inasema ukweli kuliko mwenye gari. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa na utelezi wa oili, hapo ndipo uanze kuhofia ringi za ndani ya injini. Ikiwa na rangi ya udongo, kunywa chai yako. Kwa ulivyoeleza, moshi mweusi na harufu ya petroli, naona ya kwanza. Injini iliyochoka mara nyingi hutoa moshi wa bluu. Mwite huyo fundi akupime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote sita mbele ya macho yako. Zikikaribiana, hadithi ya kung'oa injini imekwisha.

Sasa petroli inazidi kwa nini? Anza na choki. Kwenye gari hilo, ukivuta choki unashusha jeti, vile vijitundu vya petroli vya chini ya kabureta, ili petroli ipite kwa wingi. Gari lililokaa bandani muda mrefu, waya wake hushika kutu, jeti zikashuka na zisirudi. Unaendesha na choki mchana kutwa bila kujua. Kabureta zikisharudishwa mahali pake, mpe mtu akae ndani ya gari airudishe choki huku wewe umeinama unazitazama jeti. Zisipopanda mpaka juu, ugonjwa umeuona kwa macho. Na kumbuka Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, hivyo gari lililosetiwa Dar es Salaam likifika huku tayari limeshiba petroli kabla hujakanyaga.

Hiyo ni kutazama tu; usianze kurekebisha kabureta kwanza. Hapo ndipo vijana wa leo wanapopotea, na siwalaumu sana. Wamekulia kwenye magari ya kompyuta, wakiona kabureta mbili wanaona maiti mbili. Marekebisho yaanze na tapeti, yaani nafasi za valvu: injini ikiwa ya baridi, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Kisha pointi za kukata umeme ndani ya distribyuta, kile kigawa cheche, nafasi ya kama milimita 0.5. Kisha hakikisha waya za plagi zimefuata mpangilio wake, 1-5-3-6-2-4, kwa sababu waya mbili zikibadilishana tu gari litakohoa kama mzee wa tumbaku. Kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka. Hayo yakikaa sawa, ndipo ufike kwenye kabureta: zile nati za chini zinazopima petroli uzikaze juu mpaka mwisho, uzirudishe chini mizunguko miwili na nusu kila moja, uanzie hapo. Ukizipandisha unapunguza petroli, na kwa mwinuko wetu huenda ukazipandisha kidogo. Kusawazisha hewa ya kabureta mbili si lazima uwe na kifaa. Mume wangu alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa huku na wa kule mpaka ulingane. Alikuwa akinyamazisha nyumba nzima. Na usisahau oili nyepesi kwenye vile vikombe vya juu ya kofia; vikikauka, gari husita kila ukikanyaga mafuta.

Tafuta mzee aliyezoea Morris au Mini za zamani. Hizo kabureta atazisalimia kwa jina.

Kuna jambo moja nataka ulitangulize hata kabla ya tapeti. Gari la miaka zaidi ya 50 linalonuka petroli si la kuchekea. Badilisha mipira yote ya petroli kuanzia tangi hadi kabureta, usibakize hata mmoja. Kagua breki: mbele ni diski, nyuma ni drami, na mpira wa ndani wa silinda za breki huoza gari likiwa limesimama. Tairi nazo, angalia tarakimu nne za ubavuni; mbili za mwisho ni mwaka. Wewe nesi unajua ajali za barabara ya Nzega zinavyoletwa wodini, sina haja ya kueleza.

Kuhusu "bati". Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z, na mwaka 1973 akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews, wakashinda tena kwa 240Z. Matope, mawe, vumbi la Afrika Mashariki, na mbele injini ileile ya silinda sita ya lita 2.4. Hakuna aliyemwambia Mehta aweke ya Mark II. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiing'oa una kazi ya kuirekebisha kadi TRA, unachomelea mikono mipya ya kushikia injini, unatafuta propela nyingine ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu, na siku ukitaka kuuza, mpenzi wa magari ya kale anageuza mgongo. Na je, kadi umeshaihamishia jina lako? Kama bado inasoma jina la mzee wa Cheyo, hilo ni la wiki hii.

Basi tumfikie bwana mchumba. Mwaka huohuo wa 1971 nchi yetu ilitunga Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, na cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu. Kwa hiyo "litakuwa la nyumba" ni maneno yake, si ya sheria. Ila weka akilini kifungu cha 114: mali uliyokuja nayo, mwenzako akiiboresha kwa kiasi kikubwa mkiwa ndani ya ndoa, inaweza kuingizwa kwenye mgawanyo mkija kuachana. Risiti za spea ziwe za fedha yako, uzitunze. Siombi mabaya, nimeona mengi tu.

Sapraizi mtu hupewa kwa kitu anachokitaka. Wewe ulishasema hapana, naye akasubiri ukiwa kazini ndipo akavuta gari. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko ndoo. Usilipeleke kwa wajomba kwanza, wala usimtumie mshenga. Kaa naye wawili, umuulize swali moja: "Nilipokataa, ulinisikia?" Akisema hakukuelewa, alifuata maneno ya fundi na anajuta, mpe kazi ya kushika tochi mkiseti tapeti, na ufundi wa kufungua aulipe yeye, maana yeye ndiye aliyeuagiza. Akisema alikusikia ila alijua lenye faida kwako, mwambie mshenga kikao cha mahari kisogezwe mpaka utakapoita mwenyewe. Ufunguo wa gari, kwa hali yoyote, ukae mfukoni mwako, na wa akiba kwa mama.

Na mama naye ana haki yake ya kucheka. 240Z haikuwahi kutengenezwa na viti vya nyuma. Mwambie mwaka 1974 walitoa 260Z ya viti vinne, na mjukuu akifika, utaanza kuweka akiba nyingine ya miaka sita.