Mtoto wa miaka miwili bado anacheua na usiku anakohoa: ni asidi au ni kilimi?

SWALI
Shikamoo dokta. Mimi niko Makorora hapa Tanga, mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 3. Tangu mchanga alikuwa anacheua sana, nikaambiwa ataacha akianza kutembea, kweli ikapungua ila haijaisha. Saivi akila kinarudi kidogo mdomoni anakimeza tena huku anakunja uso, usiku akilala tu anaanza kukohoa, asubuhi mdomo unanuka uchachu. Chakula anasusa, maziwa ya ng'ombe ndo anayapenda, chupa tatu mchana na moja ya kulalia, zile kubwa. Mama mkwe anasema kilimi kimerefuka akakatwe. Duka la dawa wamenipa omeprazole za mg 20, za kupunguza asidi, wanasema nifungue nimchanganyie kwenye maziwa. Na je ubuyu ndo unamharibu? Juzi nimempima ana kilo 10.8, kwenye kadi alipokuwa na mwaka na miezi 9 alikuwa 10.6.

JIBU
Marahaba dada, na nikushukuru kwa hivyo vipimo viwili vya uzito ulivyoandika mwishoni, maana watu wengi wananiandikia ukurasa mzima wa kikohozi halafu uzito hawautaji, wakati mimi uzito ndo kitu cha kwanza ninachotafuta.

Kabla ya uzito, tuanze na kilimi ili tumalize. Usimkate. Kilimi ni kinyama cha kawaida kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho, na mtoto anayekohoa sana au anayepandishiwa asidi usiku koo lote linavimba kidogo, kwa hiyo ukimulika na tochi utakiona chekundu na utaamini ndo chenyewe kinachomkera. Kukikata hakuzuii chochote kinachotoka tumboni. Ninachokijua mimi ni watoto wanaoletwa wanavuja damu, wengine wameingia maambukizi mpaka kwenye damu, na wapo wanaopoteza maisha. Mama mkwe mwambie kwa adabu zote kwamba dokta amesema kikohozi kitatafutiwa sababu kwanza, hajadharauliwa mtu. Na akitokea wa kukwambia ni meno ya plastiki, ile imani kwamba mtoto ana meno mabaya ya kung'olewa kwenye fizi, jibu ni lilelile.

Sasa turudi kwenye kucheua. Pale chini ya umio, yani lile bomba la chakula, kuna msuli unaofunga mlango wa tumbo, na kwa watoto wachanga mlango huo unajiachia achia hovyo, ndo maana wanacheua na wala hawaumwi. Huwa inafika kileleni kwenye miezi minne hivi halafu inashuka, wengi inakuwa imekwisha kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Mwanao ana miaka miwili na robo. Hapo "ataacha tu" haitoshi tena, na sio kwamba ni lazima awe na ugonjwa mkubwa, ila ni umri ambao tunatakiwa tuulize kwa nini bado.

Mtoto wa umri huu hajui kukwambia ana kiungulia. Atakwambia tumbo linauma huku ameshika kifua, au hasemi kitu anajipinda mgongo nyuma baada ya kula, anameza meza mate bila kula chochote, sauti inakwaruza asubuhi, anasusa vyakula vigumu anataka vya kunywa. Meno ya nyuma nayo yaangalie, asidi ikipanda miezi mingi inayala, unakuta yamelainika juu na kuwa kama ya njano. Hicho cha kurudi mdomoni, kukunja uso, akameza tena, pamoja na uchachu wa asubuhi, kwangu mimi vinaelekea kweli kwenye asidi. Kikohozi peke yake kisingenitosha, na hapa nasisitiza kwa sababu siku hizi kila kikohozi cha usiku kinaitwa asidi wakati pumu ya watoto nayo inakohoza usiku, na TB nayo ipo.

Na hapa ndo uzito unaingia. Kilo 10.8 kwa miaka 2 na miezi 3 ukiitazama peke yake haitishi, ni mwembamba ila hajavuka mstari wa chini wa kadi. Tatizo ni kwamba miezi sita imepita ameongeza gramu 200. Mtoto wa rika hilo kwa miezi sita tunategemea aongeze kilo moja hivi au zaidi. Chukua kadi uunganishe nukta kwa kalamu, utaona mstari uliokuwa unapanda umelala. Mtoto anayecheua huku mstari unapanda tunamshughulikia nyumbani bila presha, lakini mstari ukilala huwa sikubali kutibu kwa kuandikiana tu, huyo lazima aonwe na kushikwa tumbo. Wiki hii mpeleke kituo cha afya au hospitali ya Bombo kama unaweza kufika kirahisi. Waambie kikohozi kina muda gani, waambie kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa zaidi ya wiki mbili (ukikaa kimya kwa aibu unamuumiza mtoto), waombe waangalie wingi wa damu na wapime mkojo. Maambukizi ya mkojo kwa watoto yanajificha sana kwenye kutapika na kutokukua. TB kwa mtoto asiyejua kutoa makohozi wanaweza kupima kwa kinyesi au majimaji ya tumboni, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni mdogo hapimiki.

Kwa nini nimetaja wingi wa damu? Kwa sababu ya zile chupa. Kama ni za mililita 250, chupa nne ni lita nzima ya maziwa kwenye tumbo la mtoto wa kilo 10.8, atakuwa na njaa ya ugali saa ngapi? Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, ndo maana unakuta mtoto wa maziwa mengi amepauka viganja, damu ndogo, na damu ikiwa ndogo hamu ya kula nayo inapotea, basi anaomba chupa tena mnazunguka humo humo. Halafu tumbo lililojaa maji maji namna hiyo ndo linalosukuma vitu juu. Mpaka hapa nilipo, bila kumshika, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni chupa, na ya kulalia ndo mbaya kuliko zote, maana anainywa amelala chali, anasinzia nayo mdomoni, tumbo limejaa, mlango umelegea, halafu unashangaa anakohoa, na meno yanaoza juu yake.

Kwa hiyo anza leo hata kabla hujaenda hospitali. Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku nzima, kwenye kikombe, baada ya chakula na sio kabla. Chupa ya kulalia itoke. Atalia usiku wa kwanza na wa pili, na baba yake atakwambia mpe tu tulale, mkubaliane mapema. Chakula kiwe kidogo kidogo mara tano hivi, mihogo iliyopondwa na samaki, ndizi, dagaa waliosagwa kwenye uji, yai, maharage ya nazi lakini tui lisiwe zito sana kwa sasa, mafuta mengi yanakaa tumboni muda mrefu. Kingine ni saa. Nyumba nyingi za huku mtoto anakula jioni vizuri, baba akirudi saa tatu usiku anapanda tena mapajani anakula wali, dakika kumi baadaye yuko kitandani. Mlo wa mwisho uwe masaa mawili kabla ya kulala, akija kwa baba aje kupiga stori. Kumrundikia mito chini ya kichwa hakusaidii, atajigeuza na tumbo litabanwa zaidi. Kama kuna anayevuta sigara ndani, atoke nje kabisa, moshi unachangia.

Ubuyu sasa. Uchachu na pilipili vinaweza kumwasha mtoto ambaye umio wake umeshachubuka, sawa na achari, juisi ya ukwaju, embe bichi la chumvi, soda, na machungwa ya Muheza msimu wake ukifika. Ila sikupi orodha ya kumkataza kila kitu, acha vya uchachu wiki mbili tatu uone, kama hakuna tofauti mrudishie chungwa lake. Ubuyu wenyewe lakini usiurudishe, na sababu sio asidi, ni mbegu. Mtoto wa chini ya miaka minne hapaswi kupewa kitu kigumu cha kumung'unya kama hicho, kikipita njia ya hewa anakaa na kikohozi miezi na kila mtu anatibu asidi. Jaribu kukumbuka kama kikohozi kilianza ghafla siku moja baada ya kupaliwa, hilo uliseme hospitali kabla ya yote.

Kuna watoto ambao shida sio wingi wa maziwa bali mwili unayakataa maziwa ya ng'ombe yenyewe, mara nyingi wana upele wa ukurutu au kuharisha kunakojirudia au ndugu mwenye pumu. Hao tunaondoa maziwa yote wiki mbili mpaka nne kisha tunayarudisha kuangalia, lakini hiyo usijianzishie mwenyewe kwa mtoto ambaye hapandi uzito, na maziwa ya mbuzi sio mbadala, yanafanana mno na ya ng'ombe.

Hiyo omeprazole iweke kabatini kwanza. Sio sumu, mimi mwenyewe naiandika, ila mtoto wa kilo 10 mpaka 19 kwa kawaida anaanzia mg 10 mara moja kwa siku, wewe umepewa mara mbili yake. Na jinsi ulivyoelekezwa sio: zile punje ndogo za ndani zimepakwa ganda ili asidi isiziharibu kabla hazijafika utumbo mdogo, ukiziponda au kuziloweka kwenye maziwa ganda linaanza kuyeyuka unampa dawa iliyokufa. Zinanyunyizwa kwenye kijiko cha kitu laini chenye uchachu kidogo kama mtindi, anameza bila kutafuna, nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Kuzima asidi pia kuna gharama yake, maana asidi yenyewe inasaidia kuua vijidudu, mtoto anayetumia muda mrefu anapata maambukizi ya tumbo na kifua kwa urahisi zaidi. Kama nyumbani kuna mabaki ya ranitidine ya zamani, dawa nyingine ya asidi, yatupe, Marekani iliiondoa sokoni 2020 kwa sababu ya kemikali inayohusishwa na saratani. Na usikubali metoclopramide ya "kushusha chakula", watoto inawakakamaza shingo na macho.

Usisubiri miadi, nenda usiku huohuo, kama anatapika kijani, au damu, au kitu kama machicha ya kahawa, tumbo limevimba, anaamka asubuhi analia kichwa na kutapika, amelegea hakojoi, au ghafla anatokwa mate na hawezi kumeza. Hilo la mwisho likitokea hesabu betri za rimoti na za midoli, zile za duara kama kifungo, ikikwama kwenye umio inaunguza ndani ya masaa mawili tu.

Wakishamwona wakaamua apewe dawa, iwe ya wiki 4 mpaka 8 halafu arudi kuonwa, isiwe ya kununua tena na tena. Akiacha dalili zikarudi, au dawa isiguse kabisa, hapo ndo mnaandikiwa rufaa kama ya Muhimbili kuangaliwa umio kwa kamera, maana kuna magonjwa ya umio ya mzio ambayo kwa nje yanafanana na asidi na kwa jicho la kawaida huwezi kuyatofautisha. Wakati unasubiri mpime kila baada ya wiki mbili, mzani uleule, bila viatu, na uandike kwenye kadi usiandike kwenye simu.