Je, Ninakili Tangazo la Kazi Katika Wasifu Wangu?

SWALI: Nimefanya kazi kwa miaka 2 katika ofisi ya kupangisha nyumba mjini Nakuru, na sasa nataka kuomba kazi ya kuuza ploti katika kampuni moja ya Nairobi. Tangazo linataka mtu mwenye uzoefu wa mauzo ya ardhi, upekuzi wa hatimiliki (yaani kukagua rekodi rasmi za umiliki wa ardhi) na kutunza kumbukumbu za wateja kwa kompyuta. Rafiki yangu ananishauri ninakili tangazo lote chini ya wasifu wangu kwa herufi ndogo nyeupe, ili programu inayochuja maombi iyaone maneno hayo na binadamu asiyaone. Je, hilo linafaa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo usiufuate. Programu za kuchuja maombi kwa kawaida huligeuza faili kuwa maandishi matupu yasiyo na rangi, kwa hiyo afisa wa ajira anaweza kulikuta tangazo lake mwenyewe limerudishwa neno kwa neno, na akishalikuta atayatilia shaka hata yale uliyoyafanya kweli.

Hata hivyo, rafiki yako hakukosea kuona kwamba maneno ya tangazo yana uzito, kwani anayechuja, awe mtu au mashine, hutafuta maneno aliyoyataja mwenyewe, na mwombaji anayeieleza kazi ileile kwa maneno mengine huweza kuachwa bure. Litumie neno la tangazo kila unapoweza kutaja kitendo chako kinacholithibitisha. Ikiwa uliorodhesha wapangaji, simu zao na tarehe za kodi katika jedwali la kompyuta, basi umetunza kumbukumbu za wateja, na una haki ya kuandika hivyo, mradi usitaje programu maalumu ambayo hujawahi kuifungua. Kupangisha, kwa upande mwingine, si kuuza. Andika kwamba uliwatembeza wateja, ukajadiliana nao bei na kuwafikisha kwenye mkataba wa upangaji, kisha umwachie mwajiri aone jinsi ujuzi huo unavyokaribiana na mauzo.

Upekuzi wa hatimiliki ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mnunuzi wa ploti kule Joska au Kitengela, karibu na Nairobi, mara nyingi hutoa akiba yake yote, na akimwamini muuzaji anayedai kuujua upekuzi ilhali haujui, hasara itamwangukia yeye. Isitoshe, msaili mwenye uzoefu atakuuliza matokeo ya upekuzi huonyesha nini, naye atatarajia utaje jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa kipande, na kama kuna rehani au zuio juu yake. Pengine ataongeza swali kuhusu idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambayo huhitajika shamba la kilimo linapogawanywa au kuuzwa. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, muombe mzazi au jamaa mwenye hatimiliki akuruhusu ufanye upekuzi rasmi wa kipande chake, kwenye masjala ya ardhi au kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, pale unapotumika. Baada ya hapo utaweza kuandika kwamba umefanya upekuzi wa ardhi ya familia. Ni jambo dogo, nami ningependelea mwombaji mwenye jambo dogo la kweli kuliko aliyejaza ukurasa.

Limebaki suala la cheo. Nchini Kenya, Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inamtaka anayefanya kazi ya uwakala awe amesajiliwa na bodi inayohusika, kwa hiyo usijiite wakala aliyesajiliwa kwa sababu tu neno hilo limo katika tangazo. Andika cheo kilichomo katika barua yako ya ajira, hata kama ni karani wa upangishaji, kwa kuwa hicho ndicho mwajiri wako wa zamani atakachokitaja akipigiwa simu.