Linki za Instagram kutobonyezeka: weka kazi yako penye anwani yake

Mkuu, umeuliza kwa nini linki unayobandika chini ya picha Instagram haibonyezeki, na kwa nini mtu asiye na akaunti akifungua posti yako anaambiwa ajisajili. Simu yako haina kosa. Instagram imejengwa hivyo: kuingia rahisi, kutoka kazi. Ukiacha DM, linki inabonyezeka hasa kwenye wasifu na kwenye stika ya stori. Hata stori, hadi Oktoba 2021 mwenye akaunti ya kawaida alitakiwa kuwa na wafuasi 10,000 kwanza.

Dawa ni kuandika kwanza kwenye blogu yenye domeini (anwani ya tovuti) yako mwenyewe, kisha kutumia mitandao kama mbao za matangazo. Ila hapa wengi wanakwama: linki ikitumwa WhatsApp inatokea kavu, bila picha wala kichwa cha habari. Angalia kwenye `<head>` ya ukurasa (sehemu ya juu ya msimbo wake, isiyoonekana kwa msomaji) kama kuna lebo ambazo WhatsApp husoma ili kupata kichwa, maelezo, anwani na picha: og:title, og:description, og:url na og:image. Picha iwe chini ya KB 600 (pikseli 1200 kwa 630 zinatosha), na anwani yake ianze na https, isiwe kipande kama /picha/1.jpg. Kama tovuti yako inajazia vitu hivyo kwa JavaScript (programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari) baada ya kufunguka, WhatsApp haitaviona. Na ukisharekebisha, tuma upya: picha ile huandaliwa na simu ya mtumaji wakati wa kutuma, kwa hiyo ujumbe wa jana utabaki kavu vilevile.

Kabla ya kutuma linki ya mtu mwingine, kata mkia. Vitu kama ?igsh= au ?fbclid= ni vya kufuatilia linki inavyosambazwa na kubonyezwa. Ila usikate kila kinachofuata alama ya kuuliza bila kutazama: kwenye youtube.com/watch?v= ukikata hapo umeitupa video yenyewe. Kinachokatwa ni &si= na herufi zake.

Kuhusu kuhama na akaunti yako. Mastodon (mtandao wa kijamii wenye seva nyingi zinazojitegemea) unaweza kuondoka na wafuasi wako: kwenye akaunti mpya unaitaja ya zamani, halafu kwenye ya zamani unaamuru uhamisho. Posti hazihami, zinabaki kule, na ukishahama huwezi kuhama tena kabla ya siku 30. Facebook na Instagram wanakuruhusu kupakua data zako, wafuasi wanabaki kwao. Ukipakua, chagua JSON (faili linalosomwa na programu) kama unataka kuzipandisha kwingine. HTML ni ya kusoma tu. Chagua na ubora wa juu wa picha, la sivyo utapata picha zilizofifia na chanzo huna tena.

Wanaosema kuweka kazi kwenye tovuti iliyo wazi kwa wote kunatosha wanasahau bando. Mteja mwenye bando la WhatsApp pekee akibonyeza linki yako anakatwa MB za kawaida, au ukurasa haufunguki kabisa, naye anadhani tovuti yako mbovu. Ukurasa wa MB 4 wenye slaidi za picha ni kumfukuza. Bei, tarehe na mahali viandike ndani ya ujumbe wenyewe; linki iwe ya anayetaka kusoma zaidi.