Ukitaka Bosi Apunguze Hewa Ukaa, Anza na Mhasibu

Wiki jana dada mmoja wa kiwanda cha nguo huko Athi River aliniandikia akiuliza atamshawishije bosi apunguze hewa ukaa na hakuna anayemlazimisha. Nimeona nijibu hapa maana najua mko wengi mnaotaka kupanda kwa hii kazi ya nishati.

Dada, mhasibu kwanza. Kazi iliyonijenga jina hapa Industrial Area, Nairobi, ilianza Jumapili moja, mashine zote zimezimwa lakini kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa kwa paipu, bado inanguruma tu, nikachukua brashi na maji ya sabuni nikapaka kila maungio ya paipu za hewa, mapovu yakaanza kufura hapa na pale, ishara kwamba hewa inavuja na stima inapotea bure, nikapiga video nikampelekea mhasibu pamoja na bili ya stima. Yeye ndiye aliyenipigania bajeti. Bosi alisaini baadaye, na mpaka leo najivunia ile kazi.

Halafu jua serikali imeweka nini mezani. Kanuni za 2012 zilisema kiwanda kinachotumia kuanzia uniti 180,000 za nishati kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa, sasa hapo hayo ni lazima lakini kwenda mbali zaidi ni hiari, na hiari inataka motisha. Tangu mwisho wa 2017 viwanda vinavyoongeza kazi usiku hupunguziwa bei ya stima. Hii naipenda sana, kwa sababu usiku Nairobi ikilala mvuke wa ardhini unaozalisha stima kule Olkaria bado upo na watumiaji ni wachache, kwa hivyo ukihamishia zamu usiku unatumia stima safi na unalipa kidogo. Kanuni za 2024 nazo zinakuruhusu kurudisha stima ya sola kwa gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, ingawa unahesabiwa nusu tu ya ulichopeleka, na mimi naona hiyo nusu ni ubahili.

Kinachoniuma ni 2020. Nilikuwa na mradi wa sola juu ya paa la kampuni fulani, hesabu zimekubali, fundi yuko tayari, mara vifaa vya sola vikaanza kutozwa tena VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na wakubwa wakaingia baridi. 2021 VAT ikaondolewa tena lakini ule mradi ulikuwa umeshakufa, na pesa zilikuwa zimeenda kwa magari. Nimekasirika mpaka leo! Serikali isiyotulia kwa kodi inaua hiari, kwa sababu paneli zinalipa pole pole kwa miaka na hakuna mwenye pesa anayeweka mamilioni kwa sheria inayogeuka kila bajeti. Tuwabane wabunge wetu kwa hili, jamani, tusinyamaze.

Kwa hivyo dada, mhasibu tena, narudia. Chukua bili za mwaka mzima, muulize boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, inakula mafuta kiasi gani, maana stima yetu nyingi tayari ni safi na moshi wenyewe unatoka pale kwa boila. Ukipata hizo namba nitumie tuzipige pamoja kabla hawajapitisha bajeti yao.