Pakiti ina picha ya nazi, ndani mna maziwa

Asubuhi ya Idi, mwaka juzi, wifi yangu alimpa mwanangu kitumbua kimoja cha moto. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, ana mzio wa maziwa ya ng'ombe tangu uchanga, na wifi analijua hilo kuliko hata baba mtu. Kitumbua ni mchele, tui, hiliki, hamira na sukari. Maziwa yapitie wapi hapo? Nikaendelea kumenya viazi vya pilau.

Hazikupita dakika kumi. Mdomo wa juu umevimba kama kaumwa na nyuki, mabaka yanapanda kutoka shingoni, halafu kikaja kile kikohozi kikavu. Jirani yetu, Mungu amlipe kwa moyo wake, akatokea mbio na kikombe cha maziwa: "Mnywesheni, yatakata sumu!" Nilikipiga kikombe kwa mkono, maziwa yakamwagikia dera lake jipya. Tukapanda bajaji. Hospitali wakamchoma sindano ya adrenalini pajani, wakamweka chini ya uangalizi, na jioni alikuwa anadai soda.

Tuliporudi niliomba kuiona pakiti. Wifi alikuwa na wageni ishirini, kwa hiyo siku ile mbuzi haikutoka uvunguni. Alitumia tui la unga. Mbele ya pakiti kuna nazi iliyopasuliwa, jani la mnazi, na duara la kijani lenye maneno "dairy free". Nyuma, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, nikasoma kwa tochi ya simu: coconut milk, maltodextrin, sodium caseinate.

"Lakini wifi, si wameandika haina maziwa?" Machozi yalikuwa yanamlenga.

Wameandika, ndiyo. Ila hiyo caseinate inatokana na kaseini, na kaseini ni maziwa. Katika protini za maziwa ya ng'ombe, takriban asilimia 80 ni kaseini. Huwekwa kwenye tui la unga kwa sababu tui ni mafuta na maji, na mafuta hayakubali kukauka yakawa unga mwepesi bila kitu cha kuyashika. Kaseini hulizunguka kila tone la mafuta, ndipo unga unapatikana, na ukitia maji ya moto unarudi kuwa tui. Kiwandani ni ufundi mzuri tu. Kosa ni lile duara la kijani.

Krima ya unga ya chai nayo ni hivyo hivyo. Nyingi huandikwa "non-dairy", na wengi tunadhani maana yake haina maziwa kabisa. Marekani, sheria inaruhusu bidhaa kuitwa "non-dairy" huku ina caseinate, mradi kwenye orodha ya viambato waeleze kwamba hiyo caseinate imetokana na maziwa. Yaani mbele wanakanusha, nyuma wanakiri, na yote ni halali. Mimi naona ni dhihaka.

Usichanganye pia na "lactose free". Laktosi ni sukari ya maziwa, ile inayowajaza gesi watu wazima wengi. Maziwa yasiyo na laktosi bado ni maziwa, protini zote zimo. Mfamasia mmoja aliwahi kuniuzia kopo la namna hiyo kwa kujiamini kabisa, na nililirudisha siku hiyo hiyo.

Kuna pakiti nyingine hata nyuma hazikiri. Mwishoni mwa 2013 huko Melbourne, mvulana wa miaka 10 mwenye mzio wa maziwa alifariki baada ya kunywa kinywaji cha nazi cha kopo kilichoingizwa kutoka nje; kilikuwa na maziwa na lebo haikuyataja. Na chokoleti nyeusi? Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipima baa 88 ambazo orodha zao za viambato hazikuonyesha maziwa, na 51 zilikutwa nayo. Mara nyingi ni kwa sababu mashine ile ile ilitoka kupitisha chokoleti ya maziwa. Kwetu chokoleti imefutwa, hata iwe nyeusi kama makaa.

Kwenye virutubisho nilijifunza kwa kuponea chupuchupu. Mtoto alimaliza dozi ya antibayotiki, nikanunua vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo. Kwenye kifuniko: "dairy free". Ubavuni, chini ya namba ya toleo: huenda kuna mabaki ya protini ya maziwa. Bakteria hao hufugwa, na baadhi ya viwanda huwafuga kwenye lishe yenye maziwa, halafu mabaki huingia nao kidongeni. Poda za protini za wanaofanya mazoezi ndizo siziruhusu kabisa kukaa kabati moja na chakula cha mtoto. Na kama mwanao ana pumu pamoja na mzio huu, mwulize daktari kuhusu dawa za kuvuta zilizo katika hali ya unga, maana nyingi hubebwa na laktosi. Usiziache kwa uamuzi wako, uliza tu.

Sasa hivi mbele ya pakiti siangalii kabisa. Nageuza nyuma na kutafuta casein, caseinate, whey, milk solids, lactose, butter, na ghee, ambayo ni samli yetu tu. Neno lolote lenye "casein" ndani yake linarudi rafuni. Nasoma kila ninaponunua, hata kitu nilichokinunua mwezi uliopita, kwa sababu viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha picha. Pakiti ikijipinga yenyewe, napiga picha pande zote mbili na kuipeleka TBS, shirika la viwango la Tanzania, maana usimamizi wa chakula ulihamia kwao 2019 kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA.

Watu huniambia nimpe mtoto maziwa ya mbuzi. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio huu hudhurika nayo vile vile. Mbuzi pekee ninayoiamini ni ile ya kukunia nazi, na wifi ameitoa uvunguni, sasa inakaa mlangoni mwa jiko.

Jana usiku alinitumia picha ya mgongo wa pakiti ya biskuti, ameikuza mpaka herufi zinatetemeka. "Wifi, hili neno la tano ndilo lile?"

Ndilo lile.