Kazi Zimenizidi, Nawafokea Watu: Je, Nina Dhambi?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh wangu, mimi ni mfamasia katika hospitali ya wilaya, nasimamia dirisha la dawa. Foleni haikatiki kutwa nzima, mfumo ukikata tunaandika kwa mkono, simu za stoo zinaingia, na jioni nikitoka nakwenda kushika zamu kwenye duka la dawa la mtu. Nyumbani watu wananijua ni mpole. Kazini nimegeuka mtu mwingine. Wagonjwa nawajibu bila kuwatazama usoni. Juzi nilimfokea binti aliyekuja fildi, mbele ya foleni yote, kisa amechelewa kuleta boksi kutoka stoo. Nilimwambia, "Hata kuhesabu hujui, chuoni ulikwenda kufanya nini?" Akalia. Nilipotulia nikamwambia, "Usijali, si unajua nilivyobanwa." Lakini roho yangu imegoma kutulia. Maneno kama hayo yanaandikwa kuwa dhambi na hali ni kazi tu, sikukusudia ubaya? Na hao wagonjwa nisiowajua hata majina, nitawataka radhi vipi? Pia Adhuhuri mara nyingi naiswali Alasiri ikiwa karibu kuingia. Nisaidie.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake.

Binti yangu, nianze na jibu fupi: ndiyo, yanaandikwa. Wingi wa kazi unaweza kulipunguzia kosa uzito, kuliondoa hauwezi. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo inawataja watu watatu walioinuliwa kalamu, yaani hawaandikiwi dhambi: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Mwenye shughuli nyingi hayumo. Hata ghadhabu, mwanachuoni Ibn al-Qayyim aliigawa daraja tatu alipozungumzia talaka, na daraja ya kwanza, ya mtu anayejua anachosema na anachokikusudia, akasema haina mzozo kwamba maneno yake yanahesabiwa. Wewe unalikumbuka neno kwa neno ulilomwambia yule binti. Akili yako ilikuwepo.

Tena nakuomba uisome Suratul Qiyama, aya ya 14 na ya 15. Allah Anasema kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akizitoa nyudhuru zake. Hiyo roho iliyogoma kutulia ndiyo shahidi wako, na ni neema. Wapo wenzako kazini ambao yao imeshazoea, wanafoka asubuhi, mchana wanakula, usiku wanalala.

Sasa tulitazame lile neno ulilomwambia baadaye, "si unajua nilivyobanwa", kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Umelitoa kama radhi, lakini ndani yake wewe hujafanya kitu. Aliyefoka ni foleni, ni mfumo, ni simu ya stoo. Na yule binti kwa adabu yake hana la kujibu ila "sawa, dada", kwa hiyo umemtwisha na mzigo wa kukuelewa wewe. Katika Suratul A'raf zimewekwa karibu karibu kauli mbili. Iblis alipofukuzwa alisema, "Kwa kuwa Umenipotosha", akalitupa kosa kwa Mola wake. Nabii Adam na mkewe wakasema, "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu." Na wao udhuru walikuwa nao wa kutosha: walidanganywa, tena waliapiwa na adui yao kwamba anawanasihi. Hawakuutanguliza. Kwa hiyo kwa yule binti sema: "Nilikufokea, na lile nililokwambia halikuwa haki." Habari za kubanwa ziache kabisa, au akiuliza mwenyewe ndipo umweleze.

Wala usidhani kuwa kazi yako kwa kuwa ni ya kheri, ya kuhudumia wagonjwa, basi inakusamehe. Mtume (s.a.w.) kule Makka alikuwa amewaelekea wakubwa wa Kiquraishi, akitaraji wasilimu. Ipo shughuli kubwa kuliko hiyo? Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, anataka kufundishwa, akaingia katikati ya mazungumzo. Mtume akakunja uso na kugeuka. Zikashuka aya za Suratu Abasa. Wanavyuoni wanasema hapo hakuna dhambi kwa Mtume, aliacha tu lililo bora zaidi, na sisi tunashika adabu hiyo tunapomtaja. Lakini angalia: kipofu hakuuona uso uliokunjwa. Hakutukanwa, hakufukuzwa. Na bado Qur'an ikashuka kwa ajili yake, inasomwa mpaka leo. Basi yule bibi anayesimama dirishani kwako na bahasha imeandikwa "1x3", hasomi, anauliza mara ya pili, nawe unasema "moja kutwa mara tatu, mwingine!" huku macho yako kwenye kompyuta, yeye anakuona. Na kumweleza akafahamu, kabla au baada ya chakula, si hisani yako. Ni haki yake na ni amana uliyoajiriwa nayo. Ukijua kwamba kuna mtu aliitumia dawa vibaya kwa sababu hukumweleza, hilo si la radhi peke yake: mtafute, na uwaarifu wakubwa wako.

Nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na kwangu ndilo kubwa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bakra kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na ghadhabu. Mafakihi wakaingiza humo njaa kali, kiu, usingizi, kubanwa na haja, na kila kinachoushughulisha moyo. Hapa kadhi hakuambiwa ahukumu kisha aombe radhi akikosea. Ameambiwa asikalie kiti cha hukumu katika hali ile. Maana yake, anayejua kuwa hali fulani inamharibu, dhima yake inaanza kabla ya neno kumtoka. Wewe umeshajua. Kuanzia leo, huwezi kusema tena ilikujia ghafla.

Kwa hiyo lile duka la jioni tulizungumze. Sikukatazi kutafuta riziki, maisha nayajua, na ada za shule Januari hazimngoji mtu. Lakini jiulize: je, zamu zote hizo ni za dharura, au nyingine ni za kuongeza tu? Mzigo uliobebeshwa na mwajiri una hukumu yake, na mzigo uliojitwika mwenyewe una hukumu yake. Ikiwa zamu za usiku ndizo zinazokuleta hospitali asubuhi ukiwa huna subira hata ya mgonjwa mmoja, basi fedha ya pale unailipia kwa heshima za watu wa hapa, na huna ruhusa ya kulipa kwa mali isiyo yako. Swahaba Salman alimwambia Swahaba mwenzake Abu Dardaa kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, kila mwenye haki mpe haki yake. Mtume akasema, "Salman amesema kweli." Na Abu Dardaa hakuwa akizidisha kazi ya fedha, alizidisha swala na funga.

Wakubwa wa hospitali nao wasidhani nimewasahau. Mtume (s.a.w.) amesema kuhusu walio chini ya mikono yetu kwamba ni ndugu zetu, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Dirisha la watu watatu akawekwa mmoja, hiyo ni dhulma, na una haki ya kulisema kwa maandishi na kwa adabu. Ila hadithi hiyo hiyo sababu yake ni Swahaba Abu Dharr kumtukana mtu kwa mama yake, Mtume akamwambia, "Wewe ni mtu mwenye ujahili ndani yako." Kwa yule binti wa fildi, mkubwa ni wewe.

Sasa namna ya kulipa. Binti ulimvunjia heshima mbele ya watu, basi na radhi iwe mbele ya watu. Foleni ile imeshatawanyika, lakini wafanyakazi wenzako wapo. Usimwite pembeni na soda ukadhani umemaliza. Mtume amesema katika hadithi ya Bukhari kwamba aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote, amtake radhi leo, kabla haijaja siku isiyo na dinari wala dirhamu. Akikataa kukusamehe hapo hapo, ni haki yake, usimlazimishe wala usimnunie. Wagonjwa usiowajua, tubu kwa Allah, waombee afya na maghfira, na toa sadaka kwa nia yao. Na aliye mbele yako leo mtazame usoni.

Ghadhabu ikipanda, nyamaza, ndivyo ilivyokuja katika Musnad ya Imam Ahmad. Ile hadithi ya kutawadha wakati wa hasira baadhi ya wanavyuoni wameidhoofisha, lakini maji hayadhuru, na kule bombani utapata dakika mbili mbali na dirisha. Na Anas amesema alimtumikia Mtume miaka 10, hakuwahi kumwambia "uff", neno la kuchukizwa. Mtu huyo alikuwa na wajumbe, vita, wageni na mayatima.

Ama Adhuhuri, maadamu unaiswali kabla Alasiri haijaingia, swala yako ni sahihi, ila umekosa fadhila ya mwanzo wa wakati, na kukawia kila siku kunakuweka ukingoni. Siku moja mfumo utakata na wakati utakupita. Kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa shida ya nadra kuna nafasi kwa baadhi ya wanavyuoni, kwa hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Muslim, lakini usiifanye ada. Panga na mwenzako mpokezane, rakaa nne hazifungi dirisha. Kama huna wa kukupokea, hilo nalo liandike kwenye ile barua ya kwa wakubwa.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.