Dikteta akishaangushwa, anyongwe? Majibu kwa wasomaji

Wiki hii maswali mengi yamehusu jambo moja: dikteta aliyepinduliwa akinyongwa, roho za waliodhulumiwa zinatulia, au yeye ndiye anageuzwa shujaa? Nimechagua machache.

Saddam Hussein wa Iraq hakugeuka shujaa aliyekufa shahidi siku ile aliponyongwa? (Mwanafunzi, UDOM)

Kwa baadhi ya watu aligeuka, na waliomnyonga walichangia. Ilikuwa alfajiri ya 30 Desemba 2006, siku Wasuni wa Iraq walipoanza kusherehekea Idd el-Hajj. Mtu aliyekuwemo chumbani akarekodi kwa simu. Saddam anaonekana uso wazi, koti jeusi, kamba nene shingoni. Watu wanamzomea huku wakilitaja jina la Muqtada, kiongozi wa Kishia. Yeye anatamka shahada, na kabla hajaimaliza mara ya pili sakafu inafunguka chini ya miguu yake. Dunia ikaona mtu mtulivu anayetukanwa wakati wa kukata roho, na aliyekuwa hajui lolote kuhusu utawala wake akamhurumia.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho video haionyeshi. Alihukumiwa kwa mauaji ya watu 148 wa mji wa Dujail, yaliyofuata jaribio la kumuua mwaka 1982. Kesi ya Anfal, ile operesheni ya kijeshi dhidi ya Wakurdi mwaka 1988, ilikuwa bado inasikilizwa. Alipokufa, mashtaka yake katika kesi hiyo yakafutwa. Kuhusu Halabja, mji wa Wakurdi ambako gesi ya sumu iliua watu wapatao 5,000, hakuwahi kusomewa hukumu. Wakurdi walikuwa na haki ya kusikia jaji akilitamka jina lake na kosa lake, na haki hiyo walinyang'anywa kwa sababu ya haraka tu.

Mimi nilikuwa Kagera wakati wa vita na Idi Amin wa Uganda. Amekufa kitandani Jeddah. Huoni bora angenyongwa? (Mzee, Kondoa)

Shikamoo mzee wangu. Siwezi kukuambia usiwe na hasira. Kampala ilitwaliwa 11 Aprili 1979, Amin akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, na huko akafariki 16 Agosti 2003 bila kujibu shtaka hata moja. Hiyo ni aibu. Ila naona tulichonyimwa ni kesi, wala si kitanzi.

Mtazame Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990. Katika magereza yake alikuwemo mhasibu mmoja, Souleymane Guengueng, aliyeapa kwamba akitoka hai atatafuta haki. Alitoka, akaanza kuwaendea waliofungwa na wajane, akaandika maelezo yao na kuyaficha. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 2015 Habré alipandishwa kizimbani Dakar, katika mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Aligoma kuja, walinzi wakamleta kwa nguvu. Akakaa na kilemba na miwani myeusi, hasemi neno, huku watu aliowatesa wakisimama mmoja mmoja mbele yake kueleza waliyofanyiwa. Tarehe 30 Mei 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha, na wanawake wakapiga vigelegele mle mle mahakamani. Alikufa Agosti 2021 akiwa bado mfungwa.

Sisemi yote yalikwisha vizuri. Mahakama ya rufaa iliamuru waathirika walipwe faranga za CFA bilioni 82, na hadi Habré anakufa walikuwa hawajapata kitu. Hilo nalo ni deni. Lakini wale akina mama walisikilizwa mpaka mwisho, jambo ambalo wajane wa Uganda, na wetu wa Kagera, hawakulipata.

Kwa nini tumlishe bure gerezani miaka yote hiyo? (Mama, soko la Majengo)

Mama yangu, kwa sababu akiwa hai anaweza kuulizwa makaburi yako wapi.

Kumuua dikteta si ndiyo njia ya uhakika ya kuumaliza udikteta? (Kijana, Singida)

Hapana. Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta alihukumiwa na kupigwa risasi siku ile ile, 29 Septemba 1979. Waliomfyatulia ni askari wa Morocco. Aliyempindua ni mpwa wake Teodoro Obiang, kamanda wa utawala ule ule, na yeye akang'ang'ania kiti kwa zaidi ya miaka 40.

Romania nayo, kesi ya Nicolae Ceaușescu na mkewe Elena ilichukua kama saa moja tu, sikukuu ya Krismasi ya 1989, kisha wakapigwa risasi ukutani. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika mapinduzi yale, wengi wao baada ya yeye kukimbia Bucharest. Nani aliwafyatulia? Familia zimeuliza kwa miongo. Hata mwili wenyewe ulitiliwa shaka, hadi kaburi likafukuliwa mwaka 2010 ili kupima vinasaba. Kesi ya saa moja haimpi mfiwa jibu lolote.

Unapinga kunyonga, mbona sheria yetu inaruhusu? (Msomaji, Area C)

Inaruhusu, na kwa mauaji ya kukusudia imekuwa ikimlazimisha jaji: kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kiliweka adhabu moja tu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kumlazimisha jaji hivyo kunakiuka haki ya kuishi. Nchini hajanyongwa mtu tangu miaka ya 1990, lakini watu wanaendelea kuhukumiwa, wanazeeka wakisubiri saini ya Rais. Nasimama na mahakama ile, na kwa kuwa Bunge linakaa hapa hapa mjini kwetu Dodoma, mbunge wako ukimwona mwulize msimamo wake juu ya kifungu hicho.